Tripu nyingi, masomo machache: sisi tunaosomesha nyumbani turudi pale pale

Niseme tu mapema manake najua nitatukanwa kwenye grupu. Sisi wazazi wa Mombasa tunaosomesha watoto nyumbani tumeingiwa na tamaa ya tripu. Wiki hii Fort Jesus, wiki ijayo Haller Park, likizo magofu ya Gede, mwezi wa nane tumepanda treni ya SGR twaenda Tsavo kuona ndovu, na kila tulipofika ni picha za stetasi mpaka simu inalalamika imejaa. Halafu kaa na huyo mtoto jioni umuulize ameona nini. Fort Jesus kaona mizinga, Haller Park kaona twiga, Gede kaona kima aliyemnyang'anya ndizi. Basi, hapo ndo umemaliza historia, sayansi na jiografia ya pwani nzima.

Na si kwamba wazazi hawa ni wavivu, la, wanajituma kuliko watu wengi nnaowajua. Jambo lenyewe lina chanzo chake. Mtu anayesomesha mtoto nyumbani Kenya anaishi na macho ya watu mgongoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, yasema shule ya msingi na ya sekondari ni lazima, na mzazi anayekiuka anaweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Sasa ongeza hapo mama mkwe, ongeza jirani anayechungulia dirishani akihesabu watoto saa tatu asubuhi, ongeza askari wa getini anayeuliza "hawa leo hawana skuli?" na wewe unatafuta jibu fupi lisilo la uongo. Mzazi wa hali hiyo anahitaji ushahidi, na ushahidi rahisi kuliko wote ni picha ya mtoto akiwa amesimama mbele ya kitu kikubwa cha zamani. Kwa hivyo zile picha zilipigwa kwa ajili ya mama mkwe, mtoto mwenyewe hana haja nazo.

Tatizo ni kwamba tukifanya hivyo tunaiga shule kwenye jambo ambalo shule yenyewe hufanya vibaya kwa sababu haina njia nyingine. Mwalimu wa darasa la watoto sitini ana basi moja la kukodi, ana barua za ruhusa, ana filimbi, ana siku moja kwa mwaka akibahatika, na akili yake yote siku hiyo iko kwenye kuhesabu vichwa asirudi na pungufu. Huyo simlaumu hata kidogo. Lakini mimi na wewe tulio na watoto wawili watatu, tunaokaa dakika ishirini kutoka baharini, tunafanyaje tripu ya mara moja kama vile basi linatusubiri? Tukipima kwa haki nyumba haina maabara, haina maktaba ya maana, wengi wetu hatukusomea ualimu (mimi nilisomea biashara na mahesabu ya darasa la saba yalinitoa jasho juzi tu). Kitu kimoja pekee ndo tunacho na shule haina: tunaweza kurudi kesho. Na kesho kutwa. Na mwezi ujao siku ile ile. Hicho kitu kimoja ndo tunakitupa.

Nichukue mfano wa maji kupwa na kujaa manake ndo nimeuona kwa karibu zaidi. Mwenzangu mmoja ana binti wa miaka tisa, walikua wanashuka naye ufuoni asubuhi kuogelea tu. Siku moja mtoto akachomeka kijiti pale maji yalipokomea saa nne asubuhi, yamekupwa kabisa, miamba yote iko nje, akina mama wanaokota kome. Kesho yake saa nne ile ile akakimbia kukiangalia kijiti chake akakikuta bado kiko ndani ya maji. Akakasirika. Wakati ule kulikua na mzee anatengeneza nyavu pembeni ya dau lake, mtoto akamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu mbona maji leo yamechelewa?"

Mzee akacheka, akamwambia hayakuchelewa, hayo yanafuata mwezi, kaa hapo mpaka karibu saa tano utayaona yanafika kwenye kijiti chako, na kesho usije saa tano, njoo saa sita kasoro. Akarudia nyavu zake.

Hapo kwa mzazi wa kawaida somo limekwisha, ni jambo la kupendeza, unaliandika stetasi na emoji ya mwezi. Huyu mama hakufanya hivyo. Alimnunulia mtoto daftari la grafu na wakawa wanarudi, si kila siku, siku za mvua hawakwenda na siku mtoto ana homa hawakwenda, lakini wanarudi pale pale penye jiwe moja ambalo mtoto alilipiga alama za chaki na baadae rangi ya kucha ya mamake. Saa ngapi maji yamefika chini kabisa, yamefika alama ya ngapi, mwezi uko vipi. Na data ikaanza kujitokeza yenyewe bila mtu kuifundisha. Kwanza kila siku maji yanasogea mbele karibu dakika 50. Halafu kuna siku maji yanaenda mbali sana na kurudi juu sana, na kuna siku yanajivuta tu hapo katikati kama hayataki, hizo wavuvi wanaita bamvua na maji mafu, na mtoto aligundua mwenyewe kwamba bamvua inaangukia mwezi unapoandama na unapokua mpevu, siku moja mbili baada yake hivi. Bamvua ikiwa kubwa huku kwetu tofauti ya juu na chini hupita mita 3, yaani nyumba ya chini yote inafunikwa.

Kilichonishangaza mimi ni jambo ambalo nimekaa Mombasa maisha yangu yote sikulijua: bamvua huku kwetu kupwa kwake huangukia saa nne saa tano za asubuhi, na usiku vile vile, kila mara. Maji mafu ndo kupwa kwake kunaangukia alasiri. Ukikaa ukafikiri ni lazima iwe hivyo, kama saa ya maji inafuata mwezi na bamvua inafuata mwezi basi vyote viwili vinatembea pamoja, lakini mimi nilihitaji grafu ya mtoto wa miaka tisa kunionyesha. Na faida nyingine ya nyumba ya Kiislamu, mtoto tayari anahesabu tarehe za mwezi kwa sababu ya Ramadhani na maulidi, kwa hivyo kalenda anayo kichwani, ukimwambia leo tarehe 15 anakujibu maji yatakuaje bila kushuka baharini.

Najua kuna programu ya simu inakupa saa za maji mwaka mzima. Mtoto alionyeshwa, lakini mwishoni, baada ya kutabiri mwenyewe wiki nzima kwenye karatasi. Akakuta amekosea kwa dakika chache hapa na pale, wakaanza kubishana ni kwa nini, upepo ama saa ya ukutani ya bibi iko nyuma. Ule ubishi ndo sayansi yenyewe. Angeonyeshwa simu siku ya kwanza kusingekua na kitu cha kubishania.

Sasa chukua Haller Park, mahali ambapo kila familia ya Mombasa imeenda na kila moja ina picha ile ile, mtoto kanyoosha mkono twiga katoa ulimi. Mimi sina ugomvi na twiga. Lakini kisa cha ile sehemu si twiga. Pale palikua ni shimo la kiwanda cha simiti cha Bamburi, walichimba matumbawe ya kale mpaka wakaacha jangwa jeupe, hakuna udongo, jua linakuchoma kutoka juu na kutoka chini. Mwaka 1971 mtaalam wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu miti, mingi ikafa, mvinje ukashika. Tatizo likaja jingine: majani ya mvinje, yale kama sindano, yanaanguka na hayaozi, yanajilundika tu, na bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Wakagundua kuna jongoo anayeyala. Wakaleta jongoo kwa wingi wakawaachia. Jongoo akala, akatoa kinyesi, kinyesi kikawa udongo, ndo ukaja msitu, ndo wakaja viboko na twiga na yule kiboko yatima Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Disemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee.

Yaani msitu mzima umesimama juu ya mgongo wa jongoo na hakuna mtu anayempiga picha. Ziara ya kwanza mtoto hawezi kumuona jongoo, twiga yuko pale mrefu vile atamuona jongoo saa ngapi. Ziara ya pili ndo inabidi uende na kazi, mwambie leo hatuangalii mnyama yeyote mwenye miguu minne. Akishaelewa, kazi inahamia nyumbani: ndoo mbili za rangi zilizokwisha, zote majani ya mvinje yaliyolowana, moja weka jongoo watano sita wa kwenye shamba lako mwenyewe (wale wa park usiguse), nyingine usiweke kitu. Funika na chandarua. Baada ya miezi miwili hivi mwage zote kwenye gunia. Ile ya jongoo utakuta vidonge vidogo vyeusi ambavyo ukivisugua na vidole ni udongo, ile nyingine ni majani yako yale yale yamebadilika rangi tu. Mikono ioshwe manake jongoo akiudhika anatoa maji ya kahawia yananuka na hayatoki kirahisi kwenye vidole, mama mmoja kanilaumu kwa hilo mpaka leo.

Kwa kua tushamtaja jongoo, wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na hapa niwageukie wenzangu kidogo. Kuna waliotoka shule wakatupa kila kitu, ratiba, kuandika, kukaa chini, mtihani, eti mtoto ajifunze kwa uhuru, maisha ndo darasa. Haya, ila kuona si kujifunza. Mtoto aliyeona bamvua asiiandike popote ameogelea tu. Kazi ya mikono bila daftari inageuka mchezo baada ya wiki, na sisemi mchezo ni mbaya lakini usiuite somo la sayansi mbele ya mama mkwe.

Gede nako. Ule mji umejengwa kwa matumbawe na chokaa, watu wakauhama karne ya 17, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuuchimbua 1948, kuna ikulu, kuna misikiti, visima, na walipata vigae vya vyombo vya kutoka Uchina. Vyote hivyo vimeandikwa, mtoto anasoma anasahau kabla ya kufika stendi ya Malindi. Mpe kamba yenye mafundo kila nusu mita, mwambie apime upana wa vyumba tu, asijali urefu. Apime cha ikulu, apime vya nyumba za watu. Atashangaa kuona ikulu ina vyumba vingi lakini upana wake haupishani sana na wa nyumba za kawaida, vyote ni vyembamba vinakaribia mita mbili na nusu hivi. Tajiri gani huyu analala kwenye korido? Usimjibu. Rudini Mombasa, nendeni Mji wa Kale kwa mtu mwenye nyumba ya zamani mnayefahamiana naye, aangalie dari, atazikuta boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, apime na hapo, halafu aulize kwa nini. Boriti ina urefu wake, ukiilaza zaidi ya hapo inapinda, kwa hivyo mti wa kwenye matope ndo uliompangia sultani upana wa chumba chake. Mtoto akilipata hilo mwenyewe hatolisahau, na siku ya tatu ukimpeleka kijiji cha Gazi kule Kwale akaone mikoko yenyewe imesimama kwenye maji atakua na swali lake tayari.

Na tukiwa Gazi, hapo kuna jambo linaniuma. Upandaji mikoko sai ni fasheni, makampuni, shule, familia, kila mtu ana picha na mche mkononi na matope magotini. Mikoko kila aina ina sehemu yake, mingine inavumilia maji muda mrefu, mingine inataka kuguswa na bamvua tu, ukiipanda pasipo pake inakufa. Wenyeji wa Gazi wanalijua hilo, mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni (yaani wanalipwa kwa kaboni inayofyonzwa na mikoko iliyo hai) tangu 2013 na pesa zinaenda kwenye maji na shule za kijiji, huwezi kuuza kitu kilichokufa. Lakini hawa wa tripu wanapanda wanaondoka. Familia inayosomesha nyumbani ndo ilikua irudi baada ya miezi sita ihesabu, kati ya ile tuliyopanda mingapi iko hai na imesimama usawa gani wa maji. Mnaona sasa lile daftari la bamvua linavyofanya kazi?

Watu watasema hayo ya vitendo hata serikali imeleta kwenye mtaala wa umilisi, na ni kweli, CBC ilipoanza kuenea 2019 nia ilikua hii hii, mtoto afanye kwa mikono yake badala ya kukariri kama kwenye mfumo uliotangulia wa 8-4-4. Tulivyoona kwa majirani ni mzazi anarudi kazini saa mbili usiku anaambiwa kesho inatakiwa sanamu ya kutishia ndege na picha zimeprintiwa rangi, anakimbia saiba, anashona yeye, mtoto amelala. Kimekosekana nini? Muda tu. Kitu cha mikono kinataka muda mrefu wa ovyo ovyo, wa kujaribu ikaharibika, na shule yenye vipindi vya dakika thelathini haiwezi kuutoa na mzazi wa kazi ya mshahara hana. Sisi tunao huo muda, na wengi tumeulipia ghali kwa mama kuacha kazi, hilo huwa hatulisemi kwa sauti kwenye hizi nyumba zetu. Mtu aliyeacha mshahara ili apate muda halafu anautumia kukimbizana na ratiba ya tripu kama shule, mimi simuelewi.

Halafu kuna gharama za wazi. Kurudi pale pale ni rahisi. Ufuo wa umma hauna kiingilio. Feri ya Likoni mtu wa miguu halipi, na ukikaa na watoto pale juu na saa mkononi kuna mahesabu ya mwezi mzima, feri inavuka kwa dakika ngapi maji yakiwa yanaingia na ngapi yakiwa yanatoka, mbona nahodha haelekezi pua moja kwa moja ng'ambo, watu wangapi wanashuka asubuhi kuelekea kisiwani na wangapi jioni. Soko la Kongowea pia, gorogoro la maharagwe uzito wake halisi ni kilo ngapi ukilipima nyumbani, muuzaji akilijaza kilima na akilisawazisha ni tofauti ya vijiko vingapi.

Mtoto atachoka, wananiambia. Atachoka, ndio. Mara ya pili anakwambia tushaona hapa mama, mara ya tatu analia kabisa, na ndo mzazi anaogopa anatafuta sehemu mpya ili amani irudi. Vumilia hapo. Kuchoka kwake ni kwamba vile vikubwa vimekwisha na vile vidogo hajaanza kuviona, na huwezi kumuonyesha kwa kidole, inabidi akae nao uchovu mpaka utoke wenyewe, ama uwe na kazi ndogo ya kumpa mkononi, kamba, chaki, kikombe cha kupimia.

Mwisho wa uwezo wa haya mambo naujua pia. Bamvua haimpi mtu cheti. Mtoto akifika miaka kumi na tatu kumi na nne kuna aljebra, kuna kemia, na huko kutembea ufuoni hakusaidii sana, inabidi akae kwenye meza, na wanaolenga mitihani ya Cambridge wanajua kuna maswali ya maabara ambayo hayajibiki na ndoo ya jongoo. Sisi tulio na watoto wa umri huo tumekubaliana na shule moja ya jirani watufungulie maabara Jumamosi asubuhi, tunalipa, tunaleta kemikali zetu, na watoto wanarudia jaribio lile lile mpaka mkono uzoee kushika bureti, ule mrija wa kupimia kemikali. Pesa yenyewe ilikua ni ya Tsavo. Mwaka huu hatuendi, na kuna watu kwenye grupu hawajanisamehe bado.